Usipuuze Simu Inapoomba Kusasishwa

Mfanyabiashara wa Kitale anayelipwa kwa simu na mwanafunzi wa Bungoma anayeomba huduma kupitia eCitizen wote hutegemea programu wasizoziona. Hizi ni programu za msingi, zinazowasha kifaa, kugawa nafasi ya kumbukumbu na kuendesha kamera na mtandao. Zikiwa na ufa, mhalifu anaweza kukitawala kifaa chote, hata nenosiri likiwa imara.

Ufa hutokeaje? Ukimimina gunia la mahindi kwenye gorogoro, mahindi yatafurika na kuingia katika vyombo vya karibu. Vivyo hivyo, programu ikitenga nafasi ya herufi 20, kisha ipokee 200 bila kupima, ziada humwagikia sehemu jirani ya kumbukumbu. Mhalifu huchagua kwa makini kitakachomwagika, kompyuta ikatii maagizo yake. Mwaka wa 2019, kampuni ya Microsoft ilieleza kuwa takriban asilimia 70 ya kasoro za usalama inazorekebisha kila mwaka hutokana na makosa ya kumbukumbu.

Kazi ya watafiti ni kuupata ufa kabla ya mhalifu. Mwaka wa 1988, Profesa Barton Miller wa Chuo Kikuu cha Wisconsin, Marekani, aliona programu zikikwama kwa sababu mvua kubwa ilivuruga laini ya simu na kuingiza herufi za ovyo. Aliwapa wanafunzi wake kazi ya kuzilisha programu herufi kama hizo kimakusudi, na nyingi zikakwama. Mbinu hiyo ingali inatumika. Mwaka wa 2017, Moritz Lipp na Michael Schwarz, waliokuwa wakisomea uzamifu mjini Graz, Austria, walikuwa miongoni mwa waliogundua Meltdown, kasoro iliyokuwa ndani ya prosesa zenyewe. Watengenezaji waliarifiwa kwanza, na umma ukajulishwa Januari 2018.

Hata hivyo, rekebisho lisilosakinishwa halimfai mtu. Microsoft ilitoa rekebisho la kasoro moja ya Windows Machi 2017. Mei mwaka huohuo, kirusi cha WannaCry kilipitia kasoro hiyohiyo na kuvamia kompyuta ambazo hazikuwa zimesasishwa, zikiwemo za hospitali za Uingereza.

Wakazi wanashauriwa:

- Kubali masasisho ya simu, kompyuta na kifaa cha Wi-Fi.
- Kabla ya kununua simu, uliza kama mtengenezaji bado anaitolea masasisho.
- Pakua programu kutoka maduka rasmi pekee.

Vijana wenye kipaji cha kutafuta kasoro wanakumbushwa kuwa, chini ya Sheria ya Matumizi Mabaya ya Kompyuta na Uhalifu wa Mitandaoni ya mwaka wa 2018, kuingia katika mfumo wa mtu bila idhini ni kosa. Adhabu yake ni faini isiyozidi shilingi milioni 5, kifungo kisichozidi miaka 3, au vyote viwili. Jifunzie kwenye kifaa chako mwenyewe, au pata kwanza idhini ya maandishi. Ukigundua kasoro, mjulishe mwenye mfumo au kituo cha kitaifa cha KE-CIRT, kilicho chini ya Mamlaka ya Mawasiliano.