Beberu Naye Ana Chuchu

Siku ya harusi mtaani Soweto, mjini Moshi, kazi ya ndafu, mbuzi mzima wa kuchomwa, huanza mapema. Mbuzi dume ananing'inizwa, kisu kinapita taratibu kati ya ngozi na nyama, na mtoto aliyeshika beseni la damu ya supu ya kisusio anaona kitu: mbele kidogo ya korodani zipo chuchu mbili ndogo. Za nini, ikiwa beberu hanyonyeshi?

Swali hilo linamgusa hata baba yake, ambaye naye anazo mbili kifuani.

Jibu limo tumboni mwa mama. Katika wiki sita hivi za mwanzo, maumbile ya uzazi ya mtoto wa kiume na ya wa kike hayatofautiani. Kila mmoja ana tezi mbili zinazoweza kuwa korodani au ovari, na mirija ya aina mbili: ya kujengea viungo vya kike na ya kujengea vya kiume. Chuchu zinaanza kuchorwa kipindi hicho hicho. Baadaye kidogo jeni iitwayo SRY, iliyogunduliwa London mwaka 1990, huamka katika kromosomu Y ya mvulana. Tezi zinageuka korodani, zinatoa homoni za kiume, na mirija ya kike inanyauka. Hainyauki yote. Kipande chake kidogo hubaki mwilini mwa mwanaume.

Ndiyo maana chuchu zimebaki: zilitangulia amri ya homoni, na kubaki kwake hakumdhuru mwenye nazo. Ingewezekana zisiwepo. Panya dume hana, kwa kuwa homoni za kiume huziua akiwa bado tumboni.

Mfano wa ajabu zaidi wa viungo vya kike na vya kiume kufanana uko Serengeti na Ngorongoro. Fisi madoa jike ana kisimi kirefu kama uume wa dume, na chini yake kuna kifuko kinachofanana na korodani. Hukojoa kupitia kisimi hicho, hupandwa kupitia hapo, na huzaa kupitia hapo hapo, kwa mateso. Watoto wengi wa uzao wa kwanza hufa njiani. Tangu zama za Wagiriki wa kale watu waliamini kwamba fisi ni huntha. Aristotle alikanusha, na katika miaka ya 1960 mtafiti Hans Kruuk aliwafuatilia fisi hao katika mbuga zetu hizo na kueleza maisha yao kwa kina. Uume na kisimi, kwa fisi na kwa binadamu, huchipuka kutoka kinundu kimoja.

Undugu huu wa viungo unaonekana mapema nyumbani. Mtoto mchanga, awe wa kike au wa kiume, anaweza kuvimba matiti na hata kutoa matone ya maziwa kwa sababu ya homoni alizopata kwa mama. Asiminywe; kumkamua kunaweza kumletea jipu, na uvimbe huisha wenyewe. Wavulana wengi wanaobalehe nao huvimba kifua kwa miezi kadhaa, wakajificha wenzao wasiwacheke. Hawana ugonjwa.

Lakini palipo na titi, saratani ya titi inaweza kuingia. Duniani, takriban mgonjwa mmoja kati ya 100 wa saratani hiyo ni mwanaume, na wengi wao huchelewa hospitali kwa kuamini kwamba ni maradhi ya wanawake, au kwa aibu tu. Aibu hii inaua.

Baba wa Soweto, wa Kibosho au wa Marangu akigusa uvimbe mgumu chini ya chuchu, hata usiouma, au akiona chuchu inazama ndani au inatoa damu, asingoje. Hospitali ya KCMC ipo hapo hapo Moshi tangu 1971. Apande daladala, aende akapimwe.