Mkarafuu Katika Daftari la Hisabu

Wanachama kadha wa kadha wametuuliza kwa nini hisabu za kampuni za mashamba makubwa ziliweza kuonyesha faida nene katika mwaka wa mavuno haba, kisha zikaonyesha hasara mwaka ambao maghala yalijaa. Wengine wamedhani pana hila. Huenda hila ikawako mahali, lakini mara nyingi sababu ilikuwa ni kanuni ya hisabu yenyewe. Na kwa kuwa chama chetu nacho hufunga daftari kila mwaka mbele ya wanachama, na benki haitoi mkopo mpaka iitazame hisabu, tumeona ni vyema tueleze jinsi kanuni mpya inavyoingia, na jinsi kampuni iliyo makini inavyoipima kabla ya kuianza. Mfano tutauchukua shambani.

Kanuni hizi hutungwa na Baraza la Kimataifa la Kanuni za Hisabu, lenye makao London, ambalo mwaka 2001 lilirithi kazi ya kamati iliyoundwa 1973. Kenya ilizikubali mwaka 1999. Kwa Tanzania, Bodi ya Taifa ya Wahasibu na Wakaguzi wa Hesabu, yaani NBAA, iliagiza zitumike tangu tarehe 1 Julai 2004. Makampuni madogo yana kitabu chao kifupi zaidi, kilichotolewa mara ya kwanza mwaka 2009. Basi jambo la kwanza kumwuliza mhasibu ni hili: sisi tunafuata kitabu gani?

Sasa tuje kwenye mti. Mwezi wa Disemba 2000 ilipitishwa kanuni ya kilimo, nambari yake IAS 41, nayo ikaanza kutumika kwa hisabu za miaka iliyoanza tarehe 1 Januari 2003 na baadaye. Kanuni hiyo ilisema kwamba kila kilicho hai shambani, mnyama au mti, kithaminiwe kila mwaka kwa bei ambayo mnunuzi na muuzaji wa sokoni wangepatana, ikitolewa gharama ya kuuzia. Thamani ikipanda, kilichozidi huingia katika faida ya mwaka. Ikishuka, huingia katika hasara.

Kwa ng'ombe, neno hili lafahamika. Ng'ombe huenda mnadani na bei yake hujulikana. Lakini nani kati yetu amepata kuona mnada wa mikarafuu iliyosimama, bila ya ardhi yake? Mti hauuziki peke yake. Kwa hiyo mthamini hukaa na karatasi yake akakisia: mti huu utazaa miaka mingapi tena, karafuu ngapi, kwa bei gani, na fedha ya miaka ishirini ijayo ina thamani gani leo. Akibadili kidogo tu moja katika makisio hayo, jumla yote hugeuka.

Tuseme kampuni ina mikarafuu 1,000. Mwaka wa kwanza mthamini asema miti yote ni Shs. milioni 400. Mwaka wa pili bei ya karafuu yatazamiwa kupanda, naye asema milioni 460. Zile milioni 60 zinaingia katika faida, na hali hapana hata pishi moja iliyochumwa kwa ajili yake. Wenye hisa wanataka gawio. Meneja afungua sanduku, fedha hamna. Mwaka wa tatu bei yalegea, miti yathaminiwa milioni 380. Mavuno ya mwaka huo yalikuwa mazuri, na baada ya kulipa wachumaji, wapaliliaji na gharama nyingine zote zimebaki milioni 50. Lakini daftari laonyesha hasara ya milioni 30, kwa sababu ya zile 80 zilizoporomoka katika karatasi. Meneja aliyefanya kazi njema ataonekana mbaya, na benki itasita.

Malalamiko yalikuwa makubwa, khasa katika nchi za michikichi. Malaysia iliziruhusu kampuni zake za kilimo zichelewe kuhamia katika kanuni za kimataifa, na mojawapo ya sababu ilikuwa ni kanuni hii ya miti. Muhula wa mwisho ulikuwa tarehe 1 Januari 2018. Tunalitaja jambo hili ili wanachama wajue kuwa kanuni za London si amri isiyojibiwa. Kabla ya kupitishwa, rasimu hutolewa hadharani, na mtu ye yote aweza kuandika maoni yake. Rasimu ya kubadili hisabu ya miti ilitolewa Juni 2013, mabadiliko yenyewe yakatoka Juni 2014, nayo yakaanza kwa miaka iliyoanzia tarehe 1 Januari 2016. Kwa maoni yetu, wenye mashamba walikuwa na haki, na Baraza lilifanya vyema kuwasikiliza.

Mabadiliko hayo yalisema kwamba mti wa kuzaa uhisabiwe kama mtambo wa kiwanda. Gharama za kuupanda na kuulea mpaka uanze kuzaa hukusanywa pamoja. Kisha hugawanywa katika miaka ambayo mti watazamiwa kuzaa, kila mwaka ukabeba fungu lake la uchakavu. Kampuni ikipenda yaweza kuithamini upya miti yake, lakini kwa kawaida ongezeko la thamani haliingii tena katika faida ya mwaka. Katika mfano wetu, ikiwa upandaji na ulezi uligharimu milioni 90 na miti yatazamiwa kuzaa miaka 60, uchakavu ni milioni moja na nusu kila mwaka. Ule mwaka wa tatu, tukiacha kando karafuu zilizo bado mtini, ungeonyesha faida ya milioni 48 na nusu. Huo ndio mwaka uliokuwako shambani.

Basi kampuni ilipoletewa kanuni hii ilifanya nini? Kwanza, ilitazama kama inaihusu. Mti wa kuzaa kwa maana ya kanuni ni ule unaotumika kutoa mazao, unaotazamiwa kuzaa zaidi ya msimu mmoja, na ambao si rahisi kwamba wenyewe utauzwa kuwa mazao. Mkarafuu umo. Hata ukifa ukakatwa kuni zikauzwa, bado umo, kwa maana kuni hizo ni mabaki tu. Mhogo haumo, kwani ukiung'oa umekwisha. Mti uliopandwa kwa ajili ya nguzo au mbao haumo pia. Penye shamba la mchanganyiko, hapana budi mtu ashike kalamu azunguke shambani ahisabu. Kazi hii haifanyiki mjini juu ya meza.

Halafu yakaja maswali ya kumbukumbu, na hapa ndipo wengi walipokwama. Mikarafuu mingine ilipandwa na babu zetu. Nani anayo stakabadhi ya miche ya wakati huo, au ujira wa wapaliliaji? Watungaji wa kanuni walilifikiri hili, wakatoa ruhusa: kampuni inayohama yaweza kuichukua thamani ya soko ya mwanzo wa mwaka wa zamani zaidi unaoonyeshwa katika hisabu, ikaifanya kama ndiyo gharama. Na kwa kuwa hisabu huonyesha mwaka huu na mwaka uliopita ubavu kwa ubavu, ule uliopita nao ulipaswa kuandikwa upya, ili mwenye kusoma asilinganishe papai na nazi.

Miaka ya kuzaa nayo si jambo la kukisia ovyo. Anayeandika miaka 60 na anayeandika 30 watapata uchakavu tofauti kabisa. Mkarafuu ukitunzwa huishi miongo mingi, lakini maradhi na ukame hauulizi daftari. Sisi twaona haifai mhasibu aamue peke yake. Na aulizwe mkulima.

Jambo moja husahauliwa: zao lililo mtini halikuhama. Karafuu mbichi zilizo tawini siku ya kufunga hisabu bado ziko chini ya kanuni ya kilimo, kwa bei ya soko kutoa gharama za kuuzia. Mti umekuwa mtambo. Tunda lake bado ni kitu hai.

Kampuni yenye busara haikungoja siku ya mwisho kumwona mkaguzi wake na benki yake. Mkataba wa mkopo huweza kusema kwamba madeni yasipite kiasi fulani cha mali. Kanuni ikiipunguza mali katika daftari, kampuni yaweza kuonekana imevunja mkataba na hali haijakopa hata senti zaidi. Kodi nayo yataka swali lake, maana faida ya daftari na faida ya kutozwa kodi si lazima ziwe moja. Aidha, kampuni hutakiwa kusema katika maelezo ya hisabu zake ni kanuni zipi mpya zimekwisha tolewa lakini hazijaanza kutumika, na zitaigusa vipi. Mwanachama anayeshika hisabu za kampuni yo yote na autafute ukurasa huo. Akikuta maneno matupu ya kwamba "haitarajiwi athari kubwa" mwaka baada ya mwaka, na aulize nani aliyepima.

Ziko kanuni mbili nyingine zilizo karibu. Ya kukodi, IFRS 16, ilianza tarehe 1 Januari 2019. Zamani kodi ya ghala ilikuwa gharama tu. Sasa anayekodi kwa muda mrefu huandika haki ya kulitumia ghala kuwa mali, na kodi atakayolipa kuwa deni. Mkodi aweza kuiacha nje mikataba isiyozidi miezi 12 na vitu vya thamani ndogo. Kwa makampuni mengi, hisabu yenyewe haikuwa ngumu kama kuipata mikataba: mmoja u mezani kwa meneja, mwingine kwenye gari, wa tatu ulikuwa wa mdomo.

Ya pili, IFRS 18, ilitolewa Aprili 2024, nayo ni ya miaka inayoanza tarehe 1 Januari 2027. Hii haigusi thamani ya mti wala ya ghala. Hupanga upya mistari ya faida na hasara, ili faida ya uendeshaji ionekane kwa namna moja katika kila kampuni. Lakini hisabu za 2027 zitaonyesha na 2026 ubavuni mwake kwa mpango huo huo mpya. Kwa hiyo kazi ya makarani haianzi 2027.

Makarani wa matawi wanaombwa watuletee nakala za mikataba yote ya maghala na magari ya kukodi, na ile ya mdomo waiandike kwa mkono, pamoja na hisabu ya miti ya mashamba ya chama: iliyo hai, iliyokufa, na miche ambayo bado haijaanza kuzaa.