Kuvu inayonasa minyoo: Hesabu yake kwa mfugaji wa mbuzi

MFUGAJI wa mbuzi anaijua hali hii. Mvua zinanyesha, majani yanachipua, na baada ya wiki chache baadhi ya mbuzi wanaanza kudhoofu, kope kwa ndani zinapauka na wengine wanavimba chini ya taya. Anakimbilia duka la mifugo, ananunua albendazole na kuwanywesha wote. Mwezi unaofuata yuko dukani tena.

Mara nyingi tunasema dawa ni feki. Feki zipo, lakini hata dawa halisi hushindwa pale minyoo inapokuwa sugu, na usugu huo umeripotiwa Kenya na Tanzania tangu miaka ya 1990.

Isitoshe, dawa humtibu mbuzi, haitibu malisho. Jike moja la Haemonchus, mnyoo anayefyonza damu tumboni, hutaga mayai kati ya 5,000 na 10,000 kwa siku. Mayai hutoka na kinyesi na kuanguliwa humo humo. Kukiwa na joto na unyevu, katika muda wa wiki moja hivi minyoo wachanga wako kwenye majani wakisubiri kuliwa.

Hapo ndipo inapoingia kuvu iitwayo Duddingtonia flagrans. Mbegu zake, zenye ganda gumu, huchanganywa kwenye chakula. Hupita tumboni zikiwa hai, huota kwenye kinyesi na kutandaza nyuzi zenye vitanzi vinavyonata, mfano wa wavu. Mnyoo mchanga akipita hunaswa, kuvu humpenya na kumla. Malaysia iliwajaribia kondoo mwanzoni mwa miaka ya 2000 kwa msaada wa FAO. Mwaka 2018 bidhaa yake, BioWorma, ilisajiliwa Australia na Marekani.

Sasa tupige hesabu. Kipimo cha bidhaa hiyo ni mbegu 30,000 kwa kila kilo ya uzito wa mnyama, kwa siku. Mbuzi wa kilo 30 anahitaji mbegu 900,000. Tarakimu hiyo isikutishe, mbegu zenyewe hazionekani kwa macho. Linalotisha ni kwamba lazima ale kila siku. Mwenye mbuzi 20 akiwalisha siku 60 za mvua atatoa vipimo 1,200, wakati kunywesha dawa mara moja ni vipimo 20.

Kwa anayechunga mchana na kuwapa pumba jioni, kazi ya kulisha tayari ipo. Kinachoongezeka ni bei ya kuvu. Mwenye mbuzi 100 wa porini atalazimika kununua pumba kwanza, na kwa huyo sioni faida. Anayefuga kwenye banda la kichanja na kuwakatia majani mbali na kinyesi chao hana haja nayo.

Ikumbukwe pia kwamba kuvu haiui minyoo iliyokwisha kuingia tumboni, wala haizuii minyoo bapa ya ini. Dawa inayofanya kazi bado inahitajika. Kujua kama yako inafanya kazi, peleka kinyesi maabara ya mifugo mayai yahesabiwe siku ya kunywesha, kisha urudie baada ya siku 14.