Mbuzi, Mathenge na Ukingo wa Njia Kataboi

Mpwani ukimwambia kwamba ua mwema ni ule usiopita magoti atakucheka. Ua wetu ni wa makuti, umpite mtu kichwa, na asmini na mrehani ziwe ndani. Mimi nami nalikuwa na fikira hiyo mpaka nilipofika Kataboi.

Kijiji hiki ki magharibi ya Ziwa Turkana, kaskazini ya Kalokol. Mvua inayonyesha Lodwar mwaka mzima ni kama milimita 200. Mombasa hupata hizo katika mwezi mmoja wa Mei. Upepo nao hauna adabu. Humkuta mtu amejifunga kikoi akakivuta kana kwamba anamdai.

Aliyeniita ni mwana wa rafiki yangu, aliyefungua duka kando ya njia. “Ami, njoo unipangie mimea mbele ya duka,” aliniambia kwa simu. Nikafunga safari na miche kumi ya asmini. Siku ya tano yote ilikuwa kama tumbaku ya kutafuna.

Kilichokuwa kimestawi mbele ya duka ni mathenge, umejiotea wenyewe, mrefu kuliko mimi. Na hapa sisi wa pwani tuiname kidogo, kwani mti huu uliingia Kenya kwa mlango wetu: ulipandwa Bamburi mwaka 1973 kufunika machimbo ya mawe. Miaka ya 1980 ukapelekwa Baringo na Turkana uzuie mchanga na kutoa kuni. Kuni umetoa, lakini na malisho umeyameza. Mwaka 2006 Wailchamus wa Baringo waliishitaki serikali, wakampeleka mahakamani mbuzi aliyepukutika meno kwa kula maganda yake matamu. Mwaka 2008 ukatangazwa rasmi kuwa gugu baya.

Wiki moja kabla sijafika, mwana-mbuzi wa jirani alichomoka nyuma ya mathenge hiyo akaingia chini ya lori lililoleta bidhaa za duka. Dereva hakumwona. Mwenyewe, mama wa Kiturkana wa makamo, alikuja kudai na nikamsikia kwa masikio yangu: “Mzee, leo ni mbuzi. Watoto wangu hupita hapo hapo kwenda shule.”

Chuoni tulifunzwa kwamba kuondoa udhia njiani ni sadaka. Basi tukashika sururu. Mathenge haukatwi kwa panga, kwani ukiukata juu huchipua matawi kumi. Sharti uchimbue shina chini ya ardhi. Na samadi ya zizini tuliiogopa, maana mbegu zake hupita tumboni mwa mbuzi zikatoka salama, tena zikiwa tayari kuota.

Kuchagua cha kupanda ndiko kulikotuchosha. Moyo wangu wa kishairi ulikuwa kwa waridi la jangwa, ua jekundu juu ya shina nene. Lakini utomvu wake ni sumu, watu wameupaka mishale tangu zamani, na mahali pale pana watoto. Tukaliacha.

Mama yule ndiye aliyetuonyesha kijiti cha miiba ambacho nalikipita siku zote bila kukitazama. Wataalamu hukiita Indigofera spinosa. Ni jamaa ya mnili uliokuwa ukitiwa nguo rangi ya buluu. Hutanda chini, hauzidi paja. Mbuzi na ngamia huula, nao huchipua tena. Kiangazi hujifanya umekufa, ukinyeshewa ukafufuka. Huo tukaupanda ukingoni kabisa. Nyuma yake mishubiri ya huko huko, Aloe turkanensis, mifupi, michungu hata mbuzi huionja mara moja tu. Hatukuing'oa porini: kuvuna shubiri ya mwituni kulipigwa marufuku tangu mwaka 1986. Tuliomba machipukizi katika boma lililokwisha kuipanda. Mswaki tukauweka mbali na njia, pembe ya mwisho, kwani ukiachiwa hurefuka. Lakini duka la Mwislamu halikosi wa kuukata kila alfajiri.

Tulichimba vijishimo vya mwezi mchanga, uwazi wake ukielekea maji yanakotoka, tukapanga mawe kuzunguka shina upepo usifukue. Maji ya ziwa yana magadi, hayafai kwa miche. Kijana akaweka beseni chini ya birika la udhu, na yale yanayodondoka ndiyo yaliyoinywesha hata masika yakaja.

Juzi alinipigia simu. Mishubiri miwili imeibiwa. Mnili mwitu umeliwa hadi shinani, sasa unachipua. Dereva wa lori huona njia yote tangu mbali. Kisha akaniuliza kama nitamletea asmini nyingine. Nikamwuliza kama amekwisha kumlipa mama yule mbuzi wake. Simu ikakatika, alisema baadaye kwamba ni upepo.