Freda Kelly, sekretere wa Beatles aliyekataa kuuza siri za rafiki zake

Kwa muda wa miaka mingi, masanduku machache yalilala chini ya paa la nyumba moja ya Liverpool, mji wa bandari ulio kaskazini-magharibi mwa Uingereza. Ndani yake mlikuwa picha, magazeti na makaratasi ya miaka ya 1960. Mwenye masanduku hayo, mama Freda Kelly, alikuwa akiamka asubuhi na kwenda kwenye biro kufanya kazi ya sekretere, sawa na wanawake wengine wengi wa mji huo. Ni watu wachache tu waliojua kwamba zamani patroni wake alikuwa Brian Epstein, na kwamba watu aliowatumikia walikuwa John Lennon, Paul McCartney, George Harrison na Ringo Starr: orkestra ya rock The Beatles.

Alianza kama shabiki wa kawaida, msichana mwenye kusimama mbele ya jukwaa. Kisha akapewa kazi ambayo mamilioni ya wasichana wa umri wake waliiota usiku. Na orkestra ilipovunjika, alifunga mdomo. Hakuandika kitabu wala hakuuza mambo aliyoyaona. Ni mwaka 2013 tu, akiwa tayari bibi mwenye mjukuu, ndipo aliposimulia maisha yake mbele ya kamera, katika filamu ya Mmarekani Ryan White iitwayo Good Ol' Freda.

Muziki wa saa ya chakula

Freda alizaliwa Dublin, katika inchi ya Ireland. Mama yake alifariki wakati yeye angali mtoto mdogo sana, na baba ndiye aliyemlea. Akiwa na miaka 13, jamaa ilihamia Liverpool. Alipomaliza masomo alipata kazi ya kuandika kwa mashini katika kampuni moja ya mji huo, akiwa bado kijana wa miaka 16 hivi.

Siku moja ya mwaka 1961, wenzake wa kazi walimwambia waende pamoja kusikiliza muziki saa ya chakula cha mchana. Walimpeleka Cavern Club, katika barabara ya Mathew Street. Haikuwa pahali pa kifahari. Ilikuwa chumba cha chini ya ardhi, chenye matao ya matofali, ambamo zamani watu waliweka bidhaa. Hewa ilikuwa nzito, jasho la watu lilipanda juu na kudondoka tena kutoka kwenye dari kama mvua. Pombe haikuuzwa humo. Vijana waliingia na mkate wao mkononi, wakasikiliza, kisha wakakimbia kurudi kazini.

Jukwaani kulikuwa vijana wanne wenye makoti ya ngozi nyeusi. Ringo hakuwa bado kati yao. Aliyepiga ngoma wakati ule alikuwa Pete Best. Walikuwa wametoka kucheza usiku kucha huko Hamburg, Ujerumani, na sauti yao ilikuwa imekomaa kuliko ya orkestra zingine za mji. Kati ya kipande kimoja na kingine walitania na watu, walikula, walivuta sigara. Freda alirudi kesho yake, na kesho kutwa. Beatles walicheza mara 292 hivi katika Cavern mpaka Agosti 1963, na yeye mwenyewe anakadiria kwamba aliwaona mara 190. Alikuwa na pahali pake pa kusimama, na vijana wale walimjua kwa jina.

Brian Epstein, aliyekuwa na duka la sahani za muziki mjini humo, naye alishuka katika chumba kile tarehe 9 Novemba 1961. Miezi michache baadaye akawa msimamizi wa orkestra. Alihitaji mtu wa kuandika barua kwenye biro yake. Alimwona msichana yule asiyekosa hata siku moja, tena anayejua kazi ya mashini. Mwaka 1962 akamchukua. Freda alikuwa na miaka 17.

Baba alikosa bili ya gesi

Wakati huo hakuna aliyejua Beatles nje ya Liverpool na mitaa ya jirani. Sahani yao ya kwanza, Love Me Do, ilitoka tarehe 5 Oktoba 1962. Freda alikuwa amepokea pia kazi ya kuongoza klabu ya mashabiki, na kwa vile klabu ilikuwa ndogo, alitoa anwani ya nyumba ya baba yake ili watu waandike huko.

Lilikuwa kosa kubwa. Mwaka 1963 Uingereza yote ilishikwa na homa ya Beatles. Barua zilianza kufika kwa mamia, kisha kwa magunia. Baba Kelly, mtu asiyependa kelele na asiyeona maana ya muziki ule, alikuwa akichambua malundo ya barua za wasichana asiowajua kwa kutafuta bili yake ya gesi. Alikasirika, na barua zikahamishiwa bironi.

Lakini hata bironi kazi haikupungua. Mchana Freda aliandika barua za patroni. Jioni alibaki kujibu mashabiki, na mara nyingi alibeba barua zingine kwenda nazo nyumbani. Katika filamu anaeleza sababu yake kwa unyenyekevu: yeye pia alikuwa shabiki. Alijua msichana aliyeandika barua ile anasimama kila asubuhi mlangoni akimngoja mtu wa posta. Kumwacha bila jibu ilikuwa kama kujinyima jibu yeye mwenyewe.

Nywele za kweli, sahihi za kweli

Mashabiki waliomba kila kitu. Wengine waliomba sahihi, wengine kipande cha shati, wengine nywele. Kazi ya kudanganya ingekuwa rahisi sana. Nani huko mbali angejua kama unywele huu umetoka kichwani mwa Paul au mwa jirani?

Freda alikataa njia hiyo. Nywele alizotuma alizipata kwa kinyozi baada ya vijana kunyolewa. Siku moja aligundua kwamba msichana mmoja kati ya waliomsaidia alikuwa akiweka nywele za mtu mwingine ndani ya bahasha. Freda aliwafukuza wasaidizi wake na kutafuta wengine. Kwake, anayemdanganya shabiki amevunja kitu kisichotengenezeka.

Kuna shabiki mwingine aliyetuma foronya ya mto, akiomba Ringo ailalie usiku mmoja kisha irudishwe. Freda hakucheka. Aliipeleka kwa Elsie, mama yake Ringo, na kumwomba ahakikishe kwamba mwanawe anailalia kweli. Foronya ilirudi kwa mwenyewe ikiwa na sahihi.

Elsie huyo alikuwa zaidi ya mtu wa kazi. Freda, aliyekua bila mama, alikwenda kwake mara kwa mara kwa sababu ya barua za Ringo, na polepole akawa kama binti wa nyumba. Aliingia pia katika nyumba za wazazi wengine. Louise Harrison, mama yake George, alikuwa naye akijibu barua za mashabiki kwa mkono wake, na kufungua mlango kwa wageni waliotoka mbali. Wakati dunia iliona nyota wanne kwenye televisheni, Freda alikuwa jikoni na mama zao, akinywa chai.

John apiga magoti

Kuwapenda hakukumfanya awaogope. Siku moja, wakati Beatles walikuwa kwenye onyesho pamoja na orkestra nyingine, The Moody Blues, Freda alikaa muda mrefu kuzungumza katika chumba cha hao wengine. Aliporudi, John Lennon alimuuliza alikuwa wapi. Jibu halikumpendeza, naye akamwambia amefukuzwa kazi.

Freda aliwageukia wale watatu na kuwauliza kama nao wanamfukuza. Wote walikataa. Basi akamwambia John kwamba ataendelea na kazi ya Paul, George na Ringo, na yeye John atajibu barua zake mwenyewe. John alijua ukubwa wa magunia yale. Akaanza kubembeleza. Freda hakukubali mpaka mwanamuziki huyo alipopiga goti moja chini mbele yake.

Heshima hiyo ilikuwa ya pande zote. Kila mwaka, tangu 1963 hadi 1969, Beatles walirekodi sahani ndogo ya Noeli kwa ajili ya wanachama wa klabu tu. Katika ile ya kwanza walimshukuru sekretere wao kwa jina, na kutoka shukrani hiyo filamu ilipata jina lake miaka 50 baadaye.

Mji wabaki bila vijana wake

Mwanzoni mwa mwaka 1964, Epstein alihamisha shuguli zake London. Freda alitaka kufuata, lakini baba alikataa katakata, na binti hakuvuka neno la baba. Alidhani kazi imekwisha. Epstein akampa nafasi ya kubaki na kufanya kazi Liverpool.

Kwa hiyo aliona jambo ambalo vitabu vingi havilizungumzii sana: huzuni ya mashabiki wa kwanza. Wasichana wa Cavern walikuwa wamewapata vijana hao wakati hawana kitu. Sasa Marekani nzima iliwataka. Tarehe 9 Februari 1964, watu wapatao milioni 73 waliwatazama kwenye televisheni ya Marekani. Tarehe 10 Julai mwaka huo, Beatles waliporudi Liverpool kupokelewa na viongozi wa mji, umati wa watu karibu 200.000 ulijaa barabarani. Watu walishangilia, lakini wale wa zamani walielewa kwamba wanaaga. Aliyewahi kumgusa mpiga gitare kwa mkono, sasa alimwona kwa mbali juu ya roshani.

Kisha yakaja mambo mazito. Epstein alifariki tarehe 27 Agosti 1967, akiwa na miaka 32. Wiki chache baadaye Freda alipanda basi la rangi nyingi pamoja na wanne wale kwa ajili ya filamu yao Magical Mystery Tour; anaonekana humo kati ya abiria. Tarehe 10 Aprili 1970, magazeti yalitangaza kwamba Paul ametoka. Barua ziliendelea kufika, nyingi zikiwa na machozi, na Freda alizijibu. Mwaka 1972 klabu ilifungwa. Yeye alikuwa sasa mke na mama. Alirudi katika maisha ya kawaida akiwa na miaka isiyofika 30.

Utajiri uliotolewa bure

Hapa ndipo hadithi yake inapotofautiana na za wengine. Vitu vya Beatles vimekuwa mali kubwa. Mwezi wa Novemba 2015, gitare moja ya John Lennon iliuzwa Marekani kwa dola milioni 2,4. Mwezi uliofuata, sahani moja iliyokuwa ya Ringo iliuzwa kwa dola 790.000. Mtu aliyefanya kazi miaka kumi bironi mwa orkestra hiyo angeweza kujenga, kununua shamba na kusomesha wajukuu kwa vitu vya sandukuni peke yake.

Freda alikuwa na vitu vingi. Lakini mwaka 1974, alipoona kwamba vinajaza nyumba, aliwaita mashabiki na kuwapa. Hakuomba feza. Alibakiza kidogo tu, ndiyo yale masanduku ya chini ya paa. Alipohitaji pesa alifanya kazi ya mikono yake, na mwaka 2013, akiwa karibu na miaka 70, alikuwa bado sekretere.

Siri nazo hakuziuza. Katika filamu, mwongozaji anamuuliza kama aliwahi kupendana na mmoja wao. Anacheka, kisha anakataa kujibu. Hayo, kwake, ni mambo ya watu binafsi.

Sababu ya kukubali filamu haikuwa feza. Alikuwa amepata mjukuu, na alitaka mtoto huyo aje ajue kwamba bibi yake hakuwa tu mwanamke wa kukaa kwenye kiti. Feza za kutengeneza filamu zilichangwa na mashabiki kupitia intaneti. Filamu ilionyeshwa mara ya kwanza Machi 2013 huko Austin, Texas. Nyimbo za Beatles ni ngumu sana kupewa kibali, na filamu nyingi hukosa hata mmoja. Hii ilipewa ruhusa ya kutumia nne. Ringo Starr alituma salamu zake, ambazo zinaonekana mwishoni.

Mashabiki wengi hupenda orkestra kwa kukusanya: picha, sahani, kofia, sahihi. Freda Kelly alipenda kwa kutunza. Alitunza barua za wasichana asiowajua, heshima ya vijana aliowajua, na maneno aliyoyasikia jikoni kwa mama zao. Karibu yote aliyokuwa nayo mkononi aliyagawa. Yale aliyoyasikia, amebaki nayo.