Wenye mashaka wa Korintho

Mashaka ya mwanzo juu ya ufufuo tunayoyasoma katika nyaraka za Agano Jipya yalizuka ndani ya kanisa lenyewe. Katikati ya miaka ya 50 baada ya Kristo, Paulo akiwa Efeso alipata habari kwamba baadhi ya Wakristo wa Korintho wanasema wafu hawafufuki. Watu hao walikuwa wamekwisha kubatizwa, walishiriki Meza ya Bwana, walinena kwa lugha na kujivunia karama zao. Inaelekea hata hawakukana kwamba Kristo alifufuka. Walichokataa ni kwamba wao, na ndugu zao waliokwisha kuzikwa, watainuliwa siku moja wakiwa na miili. Jibu la Paulo ndilo sura ya 15 ya Waraka wa Kwanza kwa Wakorintho, na kwa maoni yangu, baada ya kuifundisha kwa muda mrefu, hapo ndipo pa kumpeleka kwanza Mkristo anayesumbuliwa na mashaka.

Nasema hivyo kwa sababu makanisa yetu mengi yana mazoea mengine. Muumini akisema ana mashaka, huambiwa afunge na kuomba, au aache kusoma mambo ya mitandaoni. Kuomba ni kwema, lakini Paulo hakuwajibu Wakorintho hivyo. Aliwapa hoja.

Korintho ya siku zile ulikuwa mji mpya juu ya magofu ya zamani. Warumi waliubomoa mwaka 146 kabla ya Kristo, na Julius Caesar akaufufua kama koloni la Kirumi mwaka 44 kabla ya Kristo. Ulikuwa na bandari mbili, Lekaio na Kenkrea, na watu wake walitoka kila upande wa bahari. Kwa Myunani aliyesoma, kwamba roho huendelea kuwapo baada ya kifo lilikuwa wazo la kawaida. Kwamba mwili utarudi lilikuwa jambo lisilowezekana, na kwa wengi lisilotamanika pia: nani atake kurudishiwa mwili unaougua na kuoza? Karne tano kabla ya Paulo, mtunzi wa tamthilia Aeschylus alikuwa amekwisha kumweka mungu Apollo jukwaani akitamka kwamba aliyekufa haamki tena. Paulo mwenyewe alipoitaja habari hiyo Athene, baadhi ya wasikilizaji walicheka.

Kwa hiyo dai kwamba watu wa kale waliamini ufufuo kirahisi kwa kuwa hawakujua sayansi halina msingi. Walijua kifo kuliko wengi wetu. Waliwaosha maiti wao kwa mikono yao na kuwazika wenyewe. Miongoni mwa Wayahudi pia, Masadukayo waliukataa ufufuo waziwazi. Luka anaandika kwamba mitume walipoletewa habari na wanawake waliotoka kaburini, waliiona ni upuuzi. Mathayo anakwenda mbali zaidi: juu ya mlima kule Galilaya, wanafunzi walipokuwa wakimsujudia Yesu mfufuka, wengine waliona shaka. Mwandishi aliyetaka kuipamba habari yake angeifuta sentensi hiyo. Mathayo aliiacha, na nashukuru aliiacha.

Paulo anaanza kwa kuwakumbusha Wakorintho mapokeo ambayo yeye mwenyewe alipewa na wengine kisha akawakabidhi: Kristo alikufa, akazikwa, akafufuka siku ya tatu, akamtokea Kefa, yaani Petro, kisha wale Kumi na Wawili. Baadaye aliwatokea ndugu zaidi ya 500 kwa pamoja, halafu Yakobo, halafu mitume wote. Mwisho wa orodha Paulo anajitaja mwenyewe. Kuhusu wale 500 anaongeza kwamba wengi wao bado wako hai, ingawa wengine wamelala. Anayeuza shamba kijijini hutaja majirani wa mipakani ili mnunuzi akaulize, na Paulo anaandika kwa namna hiyo hiyo.

Mapokeo hayo yana umri gani? Hapa historia inatusaidia kuliko watu wanavyodhani. Delphi, huko Ugiriki, kulipatikana maandishi ya mawe yanayomtaja Galio, liwali yule yule ambaye kitabu cha Matendo kinasema Paulo alishtakiwa mbele yake. Kutokana na maandishi hayo tunajua kwamba Paulo alikuwa Korintho yapata mwaka 50 au 51. Wakati huo ndipo alipowakabidhi mapokeo. Lakini yeye alikuwa ameyapokea zamani zaidi. Katika Waraka kwa Wagalatia anaeleza kwamba miaka mitatu baada ya kuitwa kwake alipanda kwenda Yerusalemu, akakaa na Kefa siku 15, na akamwona Yakobo ndugu wa Bwana. Kefa na Yakobo ndio watu wawili pekee wanaotajwa kwa jina katika orodha ile, ukimwacha Paulo mwenyewe, na inaelekea ni kwao alikoyapokea mapokeo. Yesu alisulubiwa mwaka 30 au 33. Hata Gerd Lüdemann, msomi Mjerumani aliyekataa kabisa kwamba Yesu alifufuka, alikubali kwamba mapokeo haya yalitokea katika miaka michache tu ya mwanzo baada ya msalaba.

Jambo hilo linaondoa shaka moja kubwa, ile inayosema kwamba habari ya ufufuo ni hadithi iliyokua polepole vizazi baada ya vizazi. Hakukuwa na nafasi ya vizazi. Haliondoi kila shaka. Mtu anaweza kusema kwamba wanafunzi walikuwa katika huzuni na wakaona maono. E. P. Sanders, mmoja wa wanahistoria wakubwa wa Agano Jipya katika karne ya 20, alikubali kwamba wafuasi wa Yesu walipata kweli matukio ya kumwona akiwa hai, lakini akasema hajui ni kitu gani kilichoyaleta. Namheshimu kwa unyofu huo. Ila hoja ya huzuni inapata shida kwa watu wawili katika orodha. Paulo hakuwa akimlilia Yesu, alikuwa akiwatesa wafuasi wake. Naye Yakobo alikuwa mmoja wa ndugu ambao Yohana anasema hawakumwamini Yesu alipokuwa hai. Baadaye tunamkuta ndiye kiongozi wa kanisa la Yerusalemu, na mwanahistoria Myahudi Josephus anatueleza kwamba kuhani mkuu Anano aliagiza apigwe mawe, mwaka 62. Kufa kwa ajili ya jambo hakuthibitishi kwamba jambo hilo ni kweli, maana watu wengi wamekufa kwa ajili ya uongo waliouamini. Bado inabidi tueleze ni kitu gani kilimgeuza ndugu wa nyumbani, mtu aliyemjua Yesu tangu utoto wao wote wawili.

Kuna wanawake pia. Injili zote nne zinamweka Maria Magdalene kaburini asubuhi ile. Josephus anaandika kwamba ushahidi wa wanawake usipokelewe mahakamani, na katika karne ya 2 Celsus, mpinzani mkali wa Ukristo, aliidhihaki imani hii kwa kuwa ilianzia kwa mwanamke aliyemwita mwenye wazimu. Baadaye mwanatheolojia Origen ilimlazimu kumjibu kwa kitabu kizima. Kama ungekuwa unatunga habari ili uaminiwe katika ulimwengu ule, usingeanza na mashahidi hao. Orodha ya Paulo haiwataji kwa majina, na nadhani sababu ni hiyo hiyo: ilitengenezwa kwa ajili ya mahubiri ya hadharani. Injili zilihifadhi kumbukumbu ambayo orodha iliipita kimya.

Baada ya mashahidi Paulo anafanya jambo ambalo viongozi wengi wa dini wangeogopa kulifanya. Anakubali kwamba imani yake inaweza kuwa uongo, na anaonyesha ni wapi uongo huo ungepatikana. Kama wafu hawafufuki, basi Kristo naye hakufufuka. Kama Kristo hakufufuka, mahubiri hayana kitu, mitume ni mashahidi wa uongo juu ya Mungu, dhambi hazijasamehewa, waliokufa wamepotea, na Wakristo ni watu wa kuhurumiwa kuliko wote. Hakuna njia ya kando. Paulo hasemi kwamba hata kama si kweli, angalau inatufanya kuwa watu wema.

Naona hapo ndipo ufufuo unapoanza kuyajibu mashaka ya Mkristo, kwa kuyakusanya mahali pamoja. Kijana anakuja na maswali kumi kwa wakati mmoja: safina ya Nuhu, umri wa dunia, mchungaji aliyekula sadaka, maombi ya mama yake mgonjwa ambayo hayakujibiwa, dini nyingine za dunia. Maswali hayo hayana uzito sawa. Wizi wa mchungaji ni dhambi ya kukemewa, lakini haugusi swali la kama kaburi lilikuwa tupu. Umri wa dunia unaweza kujadiliwa maisha yote na Mkristo mwaminifu akabaki Mkristo. Swali la Yesu wa Nazareti baada ya siku ile ya Ijumaa likijibiwa kwa hapana, mengine yote hayana maana tena. Likijibiwa kwa ndiyo, mengine yanaweza kusubiri.

Kuna mashaka ambayo hoja za namna hii hazifiki. Aliyezika mtoto hasaidiwi na mawe ya Delphi. Shaka yake ni juu ya haki ya Mungu, na ni vizuri kukumbuka kwamba tumaini la ufufuo katika Israeli lilipata sauti yake ya wazi kabisa kutokana na swali hilo hilo. Yapata mwaka 167 kabla ya Kristo, mfalme Antioko Epifane aliwaua Wayahudi walioshika Torati. Waovu waliishi, waaminifu walikufa. Kitabu cha Danieli katika sura ya 12, na habari ya mama na wanawe saba katika Wamakabayo wa Pili, vinajibu kwamba Mungu hatawaacha watu wake mavumbini. Ufufuo ulikuwa kilio cha haki kabla haujawa mafundisho ya Pasaka.

Uganda waliielewa habari hiyo Februari 1977. Askofu Mkuu Janani Luwum aliuawa tarehe 16 chini ya utawala wa Idi Amin, na serikali ikatangaza kwamba amekufa kwa ajali ya gari. Mwili wake ulipelekwa Mucwini, kwao kaskazini, ukazikwa huko. Kampala, katika kilima cha Namirembe, kaburi lilikuwa limekwisha kuchimbwa. Waumini walikusanyika Jumapili wakasimama mbele ya kaburi lisilo na maiti, na walioijua Injili hawakuhitaji kuelezwa linakumbusha nini. Hakuna aliyepewa jibu la kwa nini Mungu alimwacha Amin atawale. Walichopata ni hakika kwamba taarifa ya serikali haikuwa neno la mwisho juu ya mtu yule.

Niseme wazi: ufufuo hauelezi kwa nini huyu alipona na yule akafa. Yesu mwenyewe aliomba Gethsemane kikombe kiondolewe, nacho hakikuondolewa. Na alipomtokea Tomaso, mwili wake uliofufuka ulikuwa bado na alama za misumari. Imani ya Pasaka haifuti majeraha. Inasema aliyejeruhiwa yu hai.

Wakorintho waliudharau mwili, na shaka yao imo ndani ya mazishi yetu bila sisi kuijua. Ni mara ngapi kando ya jeneza tunasikia kwamba hili ni kasha tu, mwenyewe ameshakwenda? Maneno hayo yangempendeza msomi wa Kiyunani kuliko Paulo. John Mbiti, katika utafiti wake juu ya Wakamba wa Kenya uliochapishwa mwaka 1971, alionyesha matatizo yanayotokea mafundisho juu ya mwisho yanapogeuka kuwa habari ya nchi ya mbali ya kwenda kuishi, na akarudisha mkazo kwa Kristo na kwa jumuiya inayofufuliwa pamoja naye. Muumini aliyefundishwa kwamba wokovu ni roho kutoroka mwili atashindwa kuelewa kwa nini Mungu ajali njaa, ugonjwa au mwili wa binti aliyebakwa. Paulo alijua kwa nini: mwili huo una kesho yake.

Ombi langu ni kwa wachungaji, mapadre na makatekista. Anayekuja kwenu na mashaka msimkaripie. Tomaso alikaa siku nane akiwa haamini, na siku ya nane alikuwa bado chumbani pamoja na wenzake, hakuna aliyemtoa nje. Fungueni sura ya 15 msome naye aya zote 58, mkimpa nafasi ya kuuliza kila anapokwama. Katika waraka huo huo, sura ya 5, Paulo aliagiza mtu mmoja atengwe na kanisa kwa sababu ya mwenendo wake na mke wa baba yake. Waliosema wafu hawafufuki hakuwatenga. Katika aya ya mwisho ya sura anawaita Wakorintho wote, na wao wakiwamo, ndugu zake wapendwa.