Mlima wa frigoliti chini ya kitanda

Siku ya posho jioni nilikuwa ninasahihisha madaftari ya kalasi ya sita wakati telefone ililia. Alikuwa mdogo wangu anayekaa Sheffield, Uingereza. Hakunisalimia hata. «Yaya, mtoto ameniletea mashetani ndani ya nyumba.»

Alikuwa anafagia chini ya kitanda cha kijana wake wa miaka 14, fagio ikagonga kitu. Akavuta ubao mkubwa. Juu yake kulikuwa mnara uliobomoka, makaburi, miti mikavu, na watu wadogo wenye kimo cha kidole gumba. Wengine walikuwa mifupa mitupu, wameshika panga. Mdogo wangu alikuwa tayari na mfuko mweusi wa takataka mkononi. Kesho yake, siku ya yenga, alitaka kumpeleka mtoto kwa watu wa maombi wamuangalie.

Nilimuomba jambo moja tu: kabla ya kutupa, awashe kamera anionyeshe.

Wamama wapenzi, mnajua neno «mchawi» linamfanya nini mtoto kwetu hapa. Tumewaona watoto wanaolala njiani kwa sababu mtu mkubwa alitamka neno hilo mara moja, na jamaa yote ikaamini. Nchi yetu ina sheria ya tarehe 10 Januari 2009 ya kulinda mtoto, na sheria hiyo inamuadhibu mtu anayemsingizia mtoto uchawi. Lakini sheria inakuja nyuma. Mbele yake kuna mama mwenye mfuko mweusi mkononi, saa mbili za usiku, peke yake, katika inchi ya watu.

Nikaangalia. Ule mnara ulikuwa na matofali, moja moja, na kila moja lilikuwa na mikwaruzo yake. Chini ya ukuta, pale maji ya mvua yangepita, mtoto alikuwa ameweka rangi ya kijani kama ukungu. Miaka 11 ninafundisha, na ninajua kazi ya mtoto mwenye kufanya haraka. Hii haikuwa hiyo. Nikamuuliza mdogo wangu: «Nani alitengeneza?» Akanyamaza. Hakuwa amewaza kuuliza.

Tukamuita kijana. Swahili yake sasa inatembea polepole, lakini ilitosha. «Mama mkubwa, ni frigoliti. Niliitoa kwenye takataka.»

Kumbe kule kwao mchezo huu ni wa kawaida kabisa. Watu wawili wanasimama kwenye meza kubwa, mara nyingi futi 6 kwa futi 4, kila mmoja na jeshi lake la sanamu ndogo. Wanapima mwendo kwa utepe wa fundi, wanarusha dadu ili kujua nani amepiga na nani amekosa. Majeshi ni ya hadithi: mazimwi, majitu, mifupa inayotembea, sawa na yale mazimwi na majitu ambayo bibi zetu walitusimulia tukiota moto. Mchezo unaojulikana zaidi unaitwa Warhammer. Ulitoka mwaka 1983, na kampuni inayoutoa, Games Workshop, ina makao yake Nottingham, mji usio mbali na Sheffield. Sanamu zenyewe zinauzwa bei kali, na mdogo wangu hangeweza kuilipa. Kijana alizipata chache, zilizokwisha kutumika, kwa rafiki wa shule.

Lakini meza haiwezi kuwa tupu. Kama meza ni tupu, mwenye mishale mingi anashinda kabla mwenzake hajasogea. Ndiyo maana wanaweka vilima, kuta, misitu na nyumba zilizobomoka. Askari aliyejificha nyuma ya ukuta ni vigumu kumpata. Anayepita msituni anachelewa. Mchezaji anainama mpaka jicho lake liwe sawa na jicho la sanamu, anaangalia: je, huyu anamuona yule? Na hapo ndipo wengine wanaanza kupenda kutengeneza ardhi kuliko kupigana juu yake. Kijana wetu ni mmoja wao. Mwenyewe alisema hajacheza mara nyingi. Anatengeneza tu.

Wazo la meza yenye mandhari si geni. Mwaka 1812 bwana mmoja wa Prussia, von Reisswitz, alimpelekea mfalme wake meza yenye vipande vya mandhari vya kupanga na kupangua, ili wakubwa wa jeshi wajifunze vita bila kuua mtu. Mwaka 1913 mwandishi Muingereza H. G. Wells alitoa kitabu cha kufundisha mchezo wa askari wa bati, Little Wars. Mwishoni anasema wazi kwamba vita vidogo vya sakafuni ni bora kuliko vita vikubwa vya kweli. Mwaka uliofuata vita vya kweli vilianza, vikafika hadi ziwa letu: mwezi wa 9 mwaka 1914 Wajerumani waliteka kisiwa cha Idjwi.

Na ule woga wa mdogo wangu pia si mgeni. Mwaka 1982, Marekani, mama mmoja wa Virginia jina lake Patricia Pulling alipoteza kijana wake aliyejiua. Mtoto alikuwa anacheza Dungeons & Dragons, mchezo wa hadithi uliotoka mwaka 1974 na uliozaliwa na hiihii michezo ya sanamu. Mama aliamini kwamba mchezo ndio uliomuua. Alipeleka kesi mahakamani, ikatupwa. Mwaka 1983 akaanzisha chama cha kuupinga, na kwa miaka mingi wazazi wa Marekani waliwapokonya watoto vitabu na dadu. Waliochunguza baadaye hawakuona kwamba watoto wa mchezo huo wanajiua kuliko wengine. Uchungu wa mama yule ninauheshimu. Lakini ninawaza pia wale watoto wengine wote, ambao vitu vyao vilichomwa na hakuna aliyewauliza walikuwa wanafanya nini.

Basi, kinafanyika nini? Nilimuomba kijana anifundishe, na kwa majuma matatu tukawa tunapigiana telefone kila siku ya posho. Mama yake alikuwa anasikiliza kutoka jikoni.

Frigoliti ni za aina mbili. Kuna ile nyeupe tunayoijua, inayokuja ndani ya kartoni ya televizio, ya vidonge vilivyogandana. Ukiivunja inamwaga vidonge kila pahali. Nyingine ni mbao ngumu za rangi ya waridi au ya buluu, ambazo kule kwenye baridi wanaziweka ndani ya kuta na sakafu za nyumba. Hiyo haina vidonge. Inakatika safi kama sabuni, na ukiiandika na biki alama inabaki. Watengenezaji wanaipenda hiyo. Kijana anaokota mabaki pale wanapojenga, kwa ruhusa ya wajenzi. Hapa Bukavu sikuiona. Nilitumia nyeupe.

Kilima kinajengwa kwa kupandanisha vipande, cha chini kikubwa, cha juu kidogo. Hapa kuna mabishano ambayo yalinichekesha: mlima wa kweli una mteremko, lakini kwenye mteremko sanamu zinaanguka. Kwa hiyo wanajenga ngazi, kama matuta ya shamba letu, kila ngazi na upana wa kutosha sanamu isimame. Uzuri na faida vinagombana, na kila fundi anaamua mwenyewe.

Kukata kunahitaji kisu chenye wembe mpya. Wembe butu unararua. Kata kwa mikono miwili mitatu ya polepole, usikandamize. Wengine wanatumia waya unaowashwa na umeme, unaoyeyusha frigoliti inapopita. Huo moshi ni sumu. Kijana alinihakikishia kwamba anafungua dirisha, na mama yake akapaza sauti kutoka jikoni: «Sasa ndiyo ninaelewa ile harufu!» Waya umeondoka katika ile nyumba. Kisu kimebaki.

Jiwe linatengenezwa kwa hila ambayo sikuitegemea. Unachukua karatasi ya aluminiamu, unaikunja iwe donge lenye makunyanzi, kisha unaligongagonga juu ya frigoliti. Inaacha uso wa mwamba. Matofali unayachora na biki iliyokwisha wino, ukikandamiza. Kisha unapaka kole nyeupe ya mbao iliyochanganywa na rangi nyeusi ya maji, kila pahali, hata ndani ya nyufa. Hiyo inaifanya ngumu kidogo na kuziba matundu. Ikikauka, unachovya burashi katika rangi ya kijivu, unaifuta karibu yote kwenye kitambaa, halafu unapitisha burashi hiyo kavu juu juu. Rangi inakamata pale palipoinuka tu. Mashimo yanabaki meusi. Hapo frigoliti inakuwa jiwe mbele ya macho yako. Mara ya kwanza niliguta peke yangu nyumbani kama mtoto. Majani ni unga wa mbao wa kwa seremala, uliotiwa rangi ya kijani, ukanyunyizwa juu ya kole.

Mimi pia niliharibu. Kwa haraka nilitumia rangi ya bomba, ile ya kupulizia magari. Frigoliti ilianza kulia «shii», ikajikunja, ikaisha. Dawa iliyo ndani ya ile rangi inakula frigoliti, na kole nyingi za viatu ni vilevile. Kazi ya siku mbili ilikwenda kwa dakika moja, mbele ya wanafunzi wangu, ambao walifurahi sana.

Maana nilikuwa nimeipeleka darasani. Kila mwaka ninafundisha mistari ya urefu kwenye karta ya jografia, na kila mwaka nusu ya kalasi inaona tu duara ndani ya duara. Safari hii tulijenga. Ziwa Kivu liko mita 1.460 juu ya bahari, mlima Kahuzi mita 3.308. Tukasema sentimita 1 ya frigoliti ni mita 200. Watoto wakahesabu: Kahuzi inatoka juu ya ziwa kwa vipande 9 na kidogo. Msichana mmoja wa nyuma, ambaye haongei, akauliza: na chini ya maji? Ziwa lina kina cha mita 485 pale penye kina kirefu zaidi. Vipande 2 na nusu, basi, kwenda chini. Ilibidi tuinue ubao wote ili kupata nafasi ya kuchimba. Tulipomaliza, tukamwaga maji ya buluu polepole, na kila mstari wa urefu ukaonekana wenyewe kwenye ukingo wa maji. Sikuhitaji kueleza.

Vidonge tuliviokota vyote. Katieni ndani ya nyumba, juu ya shuka kuukuu, madirisha wazi lakini pasipo upepo wa kupeperusha. Mnajua zile plastiki zinazoshuka na mvua mpaka ziwani na kuziba barraji ya Ruzizi; tusiongeze. Na mtoto mdogo asiachwe karibu, atavimeza.

Mama mmoja wa chama chetu, nilipomsimulia haya, aliniuliza swali ambalo bado linanisumbua. «Mwalimu, uchawi umeshaelewa si uchawi. Lakini vita? Sisi tuliokimbia na watoto mgongoni, tumuache mtoto acheze vita?» Sikuwa na jibu zuri. Wells alifikiri vita vya mchezo vinamtosheleza mtu asitafute vile vingine. Mimi siamini kwamba ni rahisi hivyo. Nikampelekea kijana swali lilelile. Alikaa kimya muda mrefu, hata nikafikiri réseau imekatika. Halafu akasema kwamba yeye hapendi sehemu ya kupigana, na nyumba zilizobomoka anazitengeneza vizuri kwa sababu anazikumbuka. Alitoka hapa akiwa na miaka 5.

Mama yake hakuwa anajua kwamba anakumbuka kitu. Aliacha sufuria, akaja kukaa pale kitandani, na mimi nikasema nina madaftari ya kusahihisha, nikakata.

Mfuko mweusi haukutumika. Mifupa yenye panga mdogo wangu bado haipendi, na kijana ameiweka ndani ya boksi yenye kifuniko, walikubaliana hivyo. Juu ya ule ubao sasa kuna kazi nyingine: mteremko wenye nyumba nyingi zilizopandana, na mabati ya kartoni yenye mikunjo. Juma lililopita kijana aliniuliza udongo wa kwetu una rangi gani hasa. Nikampelekea picha ya parseli yetu baada ya mvua. Akasema picha inadanganya, mwanga wa telefone unaiharibu. Basi mama yake akachukua burashi, akaanza kuchanganya mwenyewe, nyekundu na kahawia na nyeusi kidogo sana. Mara mbili alikosea. Ya tatu akamuambia: «Hii. Paka hii.»